Mfiwa Hatozwi Faini

Mlimani kwetu, juu ya Bwera, gari halifiki. Mgonjwa hushushwa kwa machela, na akifia hospitalini hupandishwa kwa machela hiyo hiyo, kwa hiyo kila nyumba imo katika chama cha machela. Unatoa mchango kila mwezi, ndio unaonunua jeneza, na usipokuja kubeba au kuchimba kaburi unatozwa faini. Faini zetu hazina huruma. Nimeona mtu akitoa kuku kwa sababu alipitiwa na usingizi siku ya maziko. Lakini aliyefiwa hatozwi. Hata kama hajachanga, hata kama amemtukana mwenyekiti, mpaka matanga yaishe hakuna anayemgusa. Sheria hiyo niliikuta, na sijawahi kusikia mtu akiibishia.

Mimi ndiye mweka hazina. Nauza maharage sokoni Bwera, mpakani na Kongo, nabishana na Wakongo tangu asubuhi mpaka jioni, basi wakaona siibiwi kirahisi. Pesa zilikaa katika sanduku la chuma nyumbani kwa mwenyekiti. Halafu akaja bwana mmoja wa semina, shati limenyooka, akatuambia chama cha kisasa hakifichi pesa chini ya kitanda. Tukafungua akaunti ya hundi katika benki moja mjini Kasese. Siku ile tulipiga makofi. Nikiyakumbuka makofi yale nashikwa na hasira mpaka leo.

Mama yangu alipofariki, chama kilimwandikia fundi wa majeneza hundi, naye akalipwa. Jeneza lilikuwa zuri, lina vishikio na limepakwa vanishi. Jirani yangu wa nyumba ya chini, mtu mpole aliyekulia ng'ambo upande wa Kongo, ndiye aliyeshika mbele ya machela njia nzima, na alipofika juu bega lilikuwa limechubuka. Nilimshukuru huku nalia. Akasema tu, "Mama yako alikuwa mama yetu."

Tusilolijua ni kwamba benki ilikuwa imeshajikatia ada yake ya mwezi. Akaunti ikawa imepungukiwa kidogo, labda bei ya kipande cha sabuni. Badala ya kutuambia, wakamlipa fundi, kisha wakatutoza kwa kuchukua zaidi ya kilichomo, kisha wakaendelea kututoza kila siku ambayo pengo lile halijazibwa. Nani angeziba? Tulikuwa tumekaa chini tunaomboleza. Tulipopeleka michango ya mwezi uliofuata, akaunti iliimeza yote, nasi tukarudi nyumbani tukidhani tumeweka akiba.

Haukupita muda mrefu, mke wa jirani yule akafa. Nikaandika hundi nyingine. Fundi aliipeleka benki kabla ya kutoa jeneza, akarudi nayo mkononi. Hakuna kitu, alisema. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini, mifuko yetu mitupu, na tulichokusanya kilitosha tu sanda na unga wa kuwalisha waombolezaji.

Jirani ndiye aliyetutoa njia panda. "Kitanda iko na mbao muzuri," alisema. "Muvunje."

Wanaume wakaingia chumbani kwake wakakitoa kitanda, wakakivunja pale pale uani na kupigilia mbao zake upya. Zilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na mbao moja ilikuwa fupi, wakaiunga. Mimi nilikuwa nimesimama na kitabu cha hundi ndani ya mkoba, nimeukumbatia kama mjinga. Sijawahi kukichukia kitu kama nilivyokichukia kitabu kile.

Kesho yake nilikwenda Kasese. Binti wa mezani alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwetu mfiwa hatozwi faini. Ninyi mmetutoza tukiwa msibani."

"Pole sana, mama. Lakini si mimi nakata. Ni sistimu."

"Na hiyo sistimu haina mama?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha karatasi tuliyotia sahihi, maneno madogo kama sisimizi, akasema yote yaliandikwa humo. Nikadai akaunti ifungwe. Kuifunga nako kulikuwa na ada.

Kwenye kikao kilichofuata sanduku la chuma lilikuwa limerudi mezani. Jirani yangu alichelewa. Alikuwa ananyoosha mgongo kila mara, maana sasa alilala chini kwenye mkeka. Mtu mmoja wa nyuma, asiyejua kufunga mdomo, akapaza sauti kudai faini ya kuchelewa.

"Nyamaza wewe!" mwenyekiti akamkemea. "Matanga haijaisha. Mufiwa hatozwi."

Jirani hakukaa. Alipita katikati yetu mpaka mezani, akatoa pesa mfukoni, akahesabu faini kamili.

"Ile sheria ilishakufa," alisema bila kukasirika. "Tuliizika pamoja na muke yangu."

Hakuiweka pesa ndani ya sanduku. Aliniwekea mkononi. Nilimtazama mwenyekiti aseme neno, na mwenyekiti akanisogezea sanduku. Mweka hazina ni mimi. Nikaipokea.