Walzi Baada ya Kodiani Kufungwa

Hili si la kuhadithiwa, limenifika mwenyewe. Niliyempoteza ni kaka yangu wa tumbo moja, na mtu hamzulii uongo maiti wake.

Mimi nilikuwa mpiga dramu. Bendi yetu ndogo ilipiga dansa kila Alhamisi baada ya alasiri, katika hoteli moja ya Shangani, ukumbi wa ghorofani wenye sakafu ya mbao. Wageni wa makamo na wenyeji wachache walikuja kucheza walzi na tango. Bi Mwanaidi, mkubwa wetu, alipiga kodiani. Kaka yangu Seif hakupiga chochote. Kazi yake ilikuwa kucheza na wanawake waliokuja bila mwenza, na kunyunyiza poda sakafuni ili viatu viteleze.

"Seif, poda ya sakafu hiyo," Bi Mwanaidi alikuwa akimtania. "Usiimalize shingoni."

"Na shingo nayo si iteleze, Bi?"

Tulikuwa na sharti moja. Kodiani ilifungwa kabla ya adhana ya magharibi, na ikishafungwa hapigi mtu, hata kwa kujaribu. Bi Mwanaidi alilirithi kwa baba yake. Hatukuwahi kumuuliza sababu.

Alhamisi hiyo wageni walishaondoka. Bi Mwanaidi alikuwa pembeni, katupa mgongo, anafunga kasha la kodiani. Kaka alikuwa anatandaza poda mpya, kwani alipenda mbao zilale nayo. Mara nikamwona mwanamke kasimama kando yangu. Gauni la kijani, refu, limefunika miguu. Sikumsikia akipanda, na ngazi zile, nakwambieni, hata paka akipita zinalia.

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wako," akaniambia. "Nipigie walzi moja."

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalificha. Watu humsifu mwimbaji, humsifu mpiga kodiani. Mpiga dramu nani humsifu? Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Kodiani ishafungwa, Bi," nikasema, na huku nshashika brashi zangu za kupigia dramu kwa sauti ndogo.

"Sihitaji kodiani."

Kaka akacheka. "Mpigie, mdogo wangu. Mgeni huyu." Akanyoosha mkono wa kushoto akampa, wa kulia akamweka mgongoni. Nikaanza. Moja, mbili, tatu.

Mpiga dramu wa dansa hutazama miguu ya wachezaji, ndiyo inayomwambia aende mbio au pole. Nikatazama. Viatu vya kaka vilikuwa vinachora poda, duara juu ya duara. Mbele ya viatu vyake poda ilikuwa nzima. Pindo la gauni lilipita juu yake bila kuacha hata mstari.

Nikataka kuacha. Mikono ikakataa. Niaminini, nilikuwa naitazama kama mikono ya mtu mwengine. Adhana ikaanza. Bi Mwanaidi akageuka.

"We! Una wazimu? Adhana hiyo, acha!"

"Siwezi. Nishike mikono, Bi Mwanaidi."

Akaja akanishika kwa nguvu zake zote, mwanamke aliyebeba kodiani miaka arubaini, na bado nikapiga. Adhana ilipokwisha, mikono ikaanguka yenyewe. Mwanamke hayupo. Kaka kasimama katikati ya ukumbi, mikono juu, kama bado kamshika mtu.

"Alikuwa anacheza na nani?" Bi Mwanaidi akaniuliza taratibu. Yeye hakuona mtu.

"Mwepesi," kaka akasema. "Mwepesi kama kanga iliyoanikwa." Kisha akajaribu kushusha mikono. Haikushuka.

Hospitali walimpa dawa ya misuli. Masheikh walimsomea. Alilala ameketi, mimi ndiye niliyemlisha na kumfuta. Chini ya shuka miguu yake ilikwenda usiku na mchana, moja, mbili, tatu. Jioni moja akanitazama akasema, "Mdogo wangu, yeye hachoki. Mwambie mimi nimechoka." Ningemwambia nani?

Alikufa Alhamisi ya sita. Nilimwosha mimi pamoja na muoshaji. Tulitaka kuilaza mikono yake ubavuni kama inavyopasa, tukashindwa. Muoshaji akasema tusilazimishe, tutamvunja. Mimi nilikuwa nimeegemea ubao wa kitanda, silii, najitazama vidole tu. Ndipo nikakumbuka.

Kumaliza walzi ni kazi ya mpiga dramu. Hugonga mara mbili mwishoni, wachezaji wakaachana. Siku ile mikono yangu ilianguka tu. Sikugonga.

Nikagonga ubao wa kitanda, mara mbili. Mikono ya kaka ikashuka polepole, ikalala ubavuni.

Wiki sita nilikaa kitandani kwake, na vidole hivi hivi ninavyo. Msiniambie sikujua. Nani mwengine alikuwa ajue?

Dramu nimeacha. Lakini kila Alhamisi ikikaribia magharibi vidole vyangu huanza walzi vyenyewe, juu ya meza, juu ya goti. Mimi hugonga mara mbili, haraka, ndipo vinyamaze. Naogopa siku nitakayokuwa nimelala.

Nawe unayepiga ala yoyote, sharti ulilolikuta lishike, hata kama hulijui maana. Na akikujia mtu akakusifu wakati ala zishafungwa, usimtazame uso. Mwambie kwanza akanyage poda.