Biskuti za Boga Huivia Nje ya Moto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, majani ya miti ya Hallunda, huku Sweden, yalikuwa yanaanguka, manjano matupu, na ukungu umekaa chini kati ya maghorofa. Ukichungulia dirishani unadhani nyumba zinaelea. Saa tisa mchana tayari mwanga una rangi ya chai ya maziwa. Nami niko jikoni, ghorofa ya tano, nimekumbatia boga.

Boga lenyewe nililinunua Skärholmen, pale uwanjani kwa wauza mboga, nikalipakata kwenye treni kama mtoto mchanga. Mzee mmoja wa Kiswidi akalitazama, akanitazama, akatabasamu. Watu wa huku hawatabasamu ovyo na mtu wasiyemjua, kwa hiyo nikajua boga ni zuri. Lakini ngoja, sijakuambia boga lilikuwa la nini. Ndivyo nilivyo. Mimi niliishia darasa la tatu, sikufika walipofundishwa kupanga habari.

Binti yangu Espe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwacha Kigoma kwa mama yangu akiwa na mitano, maana karatasi za safari zilitoka za mtu mmoja tu, na akanifuata huku akiwa na kumi na mmoja. Miaka sita, mtoto anabadilisha meno. Siku aliyofika uwanja wa ndege nilipanua mikono nikamwambia, "Njoo kwa mama." Akageuka nyuma kumtafuta bibi yake.

Tangu siku hiyo hakuniita mama. Si kwamba alikuwa na adabu mbaya, hapana. Akinihitaji alikuja akasimama karibu yangu mpaka nigeuke. Na wewe unajua desturi yetu, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Hallunda nzima, Warundi, Wakongo, hata Wakenya wa kanisani, waliniita Mama Espe. Isipokuwa Espe. Nami nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, damu bado inachemka, nikadhani jina ni kitu cha kudai kwa kumshika mtu shati. Kila siku: "Niite mama. Kwani mimi ni nani wako?" Ananijibu kwa Kiswidi, "Vet inte," yaani hajui. Basi nakasirika, naongeza sauti, naye anaongeza kimya. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa.

Wiki ile sasa, alikuja mwenyewe na karatasi aliyoichapisha maktaba. Biskuti za boga na viungo, laini, za kutafunika. Shuleni walikuwa wanafundishwa kupika, wavulana kwa wasichana, akatamani kujaribu hizi nyumbani ili tupeleke kanisani Jumapili, kwenye ile kahawa ya baada ya ibada. "Tutapika wote?" akaniuliza. Kwa Kiswahili! Mwanangu, ningenunua maboga yote ya Skärholmen.

Tulilipasua, tukaliweka kwenye oveni mpaka nyama yake ikalegea, tukalichota na kijiko na kuliponda. Mimi Kiswidi cha kwenye karatasi kilinishinda, hivyo yeye ndiye aliyesoma. Akasema maji ya boga yakibaki, biskuti zinavimba kama keki. Tukalitia kwenye kitambaa safi, yeye kashika ncha hii, mimi ile, tukasokota kama watu wanaokamua shuka. Maji ya rangi ya jua yakadondoka kwenye sinki. Siagi tukaiyeyusha tukaiacha ipoe, tukaikoroga na sukari ya kahawia, kiini cha yai peke yake, na lile boga. Unga, chumvi, bikarbonat kidogo, yale magadi ya kuokea. Kisha mdalasini, tangawizi ya unga, karafuu, kungumanga.

Hapo kwenye viungo ndipo nilipopotea. Vioo vilikuwa vimefunikwa na mvuke, nje hakuna kitu tena, hakuna ghorofa wala barabara, ni jikoni tu na ile harufu. Espe akaanza kuimba kwa pua, polepole, wimbo ambao mama yangu huuimba akipepeta. Sidhani alijua kwamba anaimba. Nikasimama na mwiko mkononi, sijui niko Hallunda au Kigoma, sijui mimi ni mama au ni mtoto. Nilihisi tuko watatu mle ndani, na wa tatu anazunguka nyuma yetu anafunika vyungu. Sikupumua kwa nguvu, nikiogopa kumwamsha mtu.

Unga ukapumzika kwenye friji nusu saa, tukauviringa, tukaubonyeza kidogo na kiganja, tukaweka trei ya kwanza.

Zilipofika dakika kumi Espe akasema, "Toa."

Nikafungua, nikachungulia. Kingo sawa, lakini katikati ni laini, ukigusa kidole kinazama. "Hazijaiva hizi."

"Imeandikwa katikati zitaonekana mbichi. Tunazitoa, tunaziacha kwenye trei."

"Nani kaandika? Huyo aliyeandika amewahi kula kitu kibichi?"

Hapa nikuibie siri kidogo. Kambini Kigoma, tulipokuwa wakimbizi na kuni ni adimu, nilimpa Espe uji wa maharage ambayo hayajaiva. Hakuwa ametimiza mwaka. Alitapika na kuharisha siku tatu, nikajua namzika. Tangu hapo mimi hupika chakula mpaka kinaomba msamaha. Na kumpa mgeni kitu kibichi, kwetu, ni kumtukana. Lakini hayo Espe hakuyajua. Sikuwahi kumwambia. Alichoona ni mwanamke anafunga mlango wa oveni kwa kishindo.

"Snälla," akasema, anabembeleza. "Zitakuwa ngumu."

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," nikamjibu. Na ningeishia hapo, mwanangu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini niliongeza. "Miaka miwili nakungoja wewe uive, na bado mbichi vilevile! Kama mimi si mama yako, rudi kwa huyo wa Kigoma."

Hakulia. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti, akatoka na ndala zake za ndani.

Nilijua amekwenda kwa Mama Pelajia, ghorofa ya tatu. Huyu alikuwa mzee wetu Warundi, mjane kutoka Bujumbura, ana meno sita na hamwogopi mtu. Haikupita muda akaingia kwangu bila kubisha, peke yake. Biskuti zilikuwa mezani, kahawia iliyokaribia weusi. Akachukua moja akaigonga kwenye meza. Ko, ko.

"Mama Espe, umehamia kazi ya ujenzi? Hivi ni vigae. Kanisa linavuja?"

"Mama, usinitanie leo."

"Sitanii. Nina meno sita na yote nimeyapangia kazi nyingine." Akaketi. "Mtoto yuko kwangu, anatazama ukuta. Umemwambia nini?"

Nikamwambia. Nikajitetea na methali yangu, kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

"Na anayemliza kila siku, yeye hucheka?" akauliza. "Sikiliza, binti yangu. Mimi nimeoka mikate kwa masista Bujumbura miaka kumi na miwili. Kitu kikitoka motoni hakijaacha kuiva. Kina moto wake ndani. Ukikiacha, kinajimalizia. Ukikirudisha kwa sababu wewe una hofu, unakula hofu yako, si mkate. Huyu mtoto umemtoa mbali, umemweka mezani. Mbona kila siku unamrudisha ndani? Niite mama, niite mama! Nani aliwahi kuiva kwa kupigiwa kelele?"

Nikamweleza habari ya maharage. Akaiweka ile biskuti chini.

"Yeye umemwambia?"

"Hapana."

"Yoo! Unamtaka akupe neno, na wewe umemnyima habari zake mwenyewe." Akasimama, magoti yakalia. "Unga umebaki?"

"Wa trei moja."

"Weka. Nakwenda kumwita. Asipokuja, utaoka peke yako, na itakuwa haki."

Mwanangu, dakika zile nilizisikia zikipita moja moja kama watu wanaoshuka ngazi. Niliviringa unga. Nikaweka trei ndani. Ndipo nikamwona amesimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka. Sikusema njoo. Nilipiga magoti mbele ya kioo cha oveni, na taa yake ya rangi ya chungwa usoni, nikaanza kuongea na zile biskuti, maana kumtazama yeye sikuweza. Nikaeleza kambi. Nikaeleza kuni, maharage, zile siku tatu. Nikasema maneno niliyosema leo si ya kusemwa na mzazi, na kwamba nimekosa.

Kisha karibu na sikio langu, kwa Kiswahili:

"Nililia sana?"

"Siku mbili za kwanza. Ya tatu ulinyamaza, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha."

"Na wewe ulilia?"

"Mimi sijamaliza."

Akachuchumaa kando yangu. Zilipofika dakika kumi hakusema toa. Alinitazama tu. Nikavaa glavu, nikatoa trei, ingawa macho yangu yaliniapia kwamba ni mbichi. Mkono ukataka kurudisha. "Vänta," akanong'ona, ngoja. Tukangoja. Mvuke ukapanda ukapungua. Katikati pakashuka taratibu, pakakunjamana, kingo zikashika, na hakuna aliyezigusa. Nilipoinua moja ilijikunja kabla ya kukatika, inavutana, laini, boga na karafuu vikajaa kinywani. Tulikula nne nne tumekaa sakafuni. Nje kumeshakuwa rangi ya bluu. Zilizobaki hazikutosha akina mama wa kwaya kanisani, na hakuna aliyejali.

Hakuniita mama siku ile. Usije ukadhani. Wala Krismasi, wala Pasaka. Nami sikuuliza tena. Ilinibidi wakati mwingine niume shuka. Niliitikia "wewe", niliitikia kimya, niligeuka kila aliposimama karibu yangu.

Karibu mwaka mzima baadaye alikuwa anakwenda Tumba kwa rafiki yake, akasinzia kwenye treni, akapitiliza mpaka mwisho wa reli. Simu ikalia. "Mama, niko Södertälje. Narudi na treni ipi?" Hata yeye hakusikia alichosema. Nikamwambia avuke upande wa pili, asubiri ya kurudi mjini, afunge koti. Habari za treni tu. Nikakata simu, nikakaa pale pale nilipokuwa nimesimama, mlangoni, juu ya viatu.

Basi wewe unayenisoma, kijana mwenye haraka ya mapenzi, au mzazi mpya mwenye hofu ya zamani, nakuomba hivi. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini uvumilivu si kukaa tu. Ni kukamua maji, kupima viungo, kuweka motoni, halafu ni kuondoa mkono. Hapo pa kuondoa mkono ndipo wengi tunaposhindwa. Usimdai mtu akuite unavyotaka. Fanya kazi ya mwenye jina hilo, unyamaze. Ukiwa na hofu, mweleze kisa chake, usimpe hasira badala yake. Na ukikosea, omba msamaha siku hiyo hiyo, hata kama umepiga magoti mbele ya oveni kama mimi.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa na moyo mzito wa kungoja. Wanao waje karibu yako hata wasipojua la kusema, nawe uwe mtu wa kugeuka. Nyumba yako inukie mema mpaka ngazini, na mwenye njaa apandaye ajue aingie mlango upi. Amina, mwanangu, amina.