Koti la Ngozi la Baba

Juzi, katika duka moja mjini Bariadi, kijana alinionyesha koti jipya la ngozi ya kondoo lililosuguliwa kwa msasa ili lionekane kuukuu. Nilitoka nimekasirika, ingawa yeye hakunikosea kitu.

La baba lilichakaa kwa kuvaliwa. Alilinunua mnadani Sapiwi, mitumba ilipoanza kumwagika, na kila Jumapili alilipaka samli mpaka likanukia kama kibuyu cha maziwa. Lilikuwa la kuiga tu makoti ya marubani, lakini mimi, mtoto, niliamini baba aliwahi kurusha ndege. Alipofariki, nilijua amerudi angani.

Mchana mmoja, matanga hayajaisha, baba mdogo aliniita. "Kabula, niletee koti la baba yako."

Nilidhani anampelekea baba, maana huko juu kuna baridi. Nililileta mbio. Akalivaa palepale juani, akaondoka.

Mama alipomwona, aliacha pamba aliyokuwa akichambua, akamkimbilia barabarani. "Shemeji, vua!"

"Hii ni mali ya kaka yangu."

"Ng'ombe umeswaga wote, nikanyamaza. Hili utavua!"

Alilivuta mpaka mkono mmoja ukachanika begani, koti likabaki kwake. Nililia kwa hasira, nikakataa kula ugali wa mama siku hiyo. Hasira iliyomstahili baba mdogo nilimpa mama, na hilo sijajisamehe.

Mama alichukua sindano. Alilishona kwa uzi wa magunia, akalipaka samli, na kesho yake akalivaa kwenda sokoni, akipita katikati ya ukoo mzima.