Korosho za Mama Mkwe

Jamani, ujuaji wangu umeniponza! Mama mkwe alituletea korosho mbichi zenye maganda kutoka Masasi. Ili nimfurahishe, nikabangua moja kwa meno mbele yake. Utomvu wa ganda ukaniunguza, na asubuhi midomo ikaamka kama maandazi mawili.

Nikanawa kwa sabuni, nikapaka losheni ya kalamini, nikavaa barakoa. Nikamdanganya mke wangu nina mafua, nikakimbilia dukani kwangu Kariakoo.

Saa nne mama mkwe huyo, na barafu kwenye leso. “Shikamoo” yangu ikatoka kama povu.

“Marahaba. Vua hiyo, mwanangu.”

Nikavua. Wateja wakaangua kicheko.

“Marehemu mzee naye alinibangulia kwa meno,” akasema, akinikanda taratibu. “Siku ya posa alikuja na midomo hiyohiyo. Nikamkubali.”