Dansi ya Wakulima Katika Piano ya Kanisa

Niliondoka Eldoret kwa sababu shauri la Mwalimu Tabitha, mpiga piano wa kanisa letu, lilikatwa kabla ya kusikilizwa, jambo ambalo sikulivumilia katika miaka yangu yote ya ukarani wa serikali. Jumapili alipiga piano wakati wa sadaka, na Mzee Kimani, mzee wa kanisa, akasimama na kudai kwamba huo ulikuwa mwomboko, ngoma ya kwao Murang'a ya hatua mbili na kukunja magoti, ambayo waliookoka wameiacha. Wazee wakaamua mwalimu aache piano na ahame nyumba ya kanisa pamoja na watoto wake. Nikiwa katibu wa wazee hao, niliomba kwanza nikamwulize aliyemfundisha kipande hicho. Walikubali, kwa sharti kwamba Mzee Kimani aandamane nami.

Asubuhi tulipanda lori lililowapeleka wanachama wa kampuni ya kununua mashamba kuonyeshwa vipande vyao vya ardhi. Baada ya Kiplombe, mahindi yalifika kiunoni pande zote.

"Baba Njoki, hii safari ni ya shamba ama ya piano?" mke wa Mzee Kimani, naye mwanachama, aliuliza.

"Ni ya ukweli."

"Haya. Ukweli ukipatikana mapema, tuone shamba pia."

Mbele ya Soy tuliingia shamba lenyewe. Bi. Hilda, Mzungu aliyeliuza na ndiye aliyemfundisha mwalimu piano, alikuwa akifunga masanduku. Ni piano tu iliyobaki sebuleni. Nilimweleza shtaka, naye akacheka.

"Hii mzee iko na masikio mzuri. Hii ni dansi kabisa! Lakini si ya kwenu."

Alieleza kwamba mtunzi aliishi ugenini, akazikumbuka dansi za wakulima wa nchi yake, akazitia katika piano ili watu wazisikilize wakiwa wameketi. "Lakini mguu nabaki ndani," alisema. Kisha akapiga. Mapigo yalikwenda matatu matatu, na uzito ukaangukia pale ambapo sikuutazamia.

Nilipogeuka, Mzee Kimani alikuwa ameshika kofia kifuani, amefumba macho. Hatua mbili, akakunja magoti. Hatua mbili, akakunja tena.

"Baba Njoki!" mkewe aliita kutoka dirishani. "Shamba sasa linapimwa hivyo?"

Wanachama waliokuwa uani walicheka sana.

Wakati wa kurudi, Mzee Kimani alinigeukia tulipouona mji.

"Katibu, utawaambia nini?"

"Kwamba ni dansi. Siwezi kusema kinyume."

"Basi mwalimu amekwisha."

"Hilo liko kwako, Mzee."

Kikaoni nilieleza yote, na nikaongeza kwamba, kwa maelezo ya Bi. Hilda, hata kipande tunachowaingizia maharusi kilianza kama dansi ya vijijini. Ndipo Mzee Kimani akasimama.

"Mwalimu alipiga piano tu," alisema. "Mwomboko ulikuwa katika miguu yangu. Tangu nitoke nyumbani sijasikia kitu kama hicho. Nilikasirika kwa sababu nilikitamani."

Mwalimu Tabitha alibaki katika nyumba yake. Hata hivyo, wazee waliongeza kifungu kwamba kipande hicho kipigwe tu waumini wakiwa wameketi. Nilikipinga, kwa kuwa hakikuwa na msingi wowote, lakini kikapita. Jumapili iliyofuata niliketi benchi la nyuma, nikaangalia chini mwalimu alipokipiga kipande chake, na kujifunza kwamba viatu vya waumini havikuwa na habari ya kifungu hicho.