Mfuga Kuku Weupe wa Chonyonyo

Nilikuwa dukani nikingojea kupimiwa mafuta ya taa nilipoambiwa kwamba yule mfuga kuku weupe wa Chonyonyo amefariki. Majirani waliona nyumba yake haitoi moshi, wakabisha hodi, wakaingia, wakamkuta kitandani amekwisha poa. Wasomaji wangu mtanisamehe. Nilikuwa nimepanga kuandika habari za barabara na mvua, lakini sina moyo wa barabara leo. Nimetoka kumzika mtu aliyekufa peke yake, na aliyemwacha peke yake ni yeye mwenyewe.

Wengi mlimjua kwa kuku wake. Walikuwa weupe pe, bila doa hata kwenye ukucha. Tangu ujana wake alikuwa akichagua vifaranga mmoja mmoja. Akiona unyoya wa kijivu au mwekundu shingoni, huyo anakwenda chunguni. Watu walitoka Songambele kwa miguu kuja kuchukua kuku wa kumpelekea mkwe, maana kuku mweupe ni heshima, na weupe wa kwake hakuna aliyeutilia shaka. Aliwajengea ua wa matete nyuma ya migomba ili wasichanganyike na kuku wa jirani. Mlango wa ua ule ulikuwa kazi ya mkewe.

Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita. Majogoo wake wote walikufa, wakabaki mitetea wachache. Akahangaika kutafuta jogoo mweupe mpaka mwenye duka mmoja, mtu mwenye asili ya pwani, alipomletea mmoja kutoka Bukoba, mkubwa, mweupe kama unga wa muhogo. Siku vifaranga walipoanza kuota manyoya nilikuwa pale, nimekwenda kutafuta kuku wa ubatizo. Wote walikuwa wekundu, wengine na mabaka meusi mgongoni. Hata mmoja mweupe hakuwamo.

“Uliacha mlango wazi,” alimwambia mkewe, mbele yangu. “Jogoo wa jirani ameingia.”

“Yamawe! Niliufunga, waitu, bwana wangu. Asubuhi niliufunga, jioni niliufunga.”

“Jogoo mweupe, mitetea weupe. Hawa wekundu wametoka wapi?”

Nilijaribu kusema neno, nikaambiwa mambo ya nyumba hayana mgeni. Kabla ya wiki kwisha alimrudisha mkewe kwa kaka zake kule Rugu, na vifaranga wale wekundu akamtilia kwenye tenga aende nao. Alisema mwanamke anayedanganya juu ya kuku hashindwi kudanganya juu ya mengine. Mji mzima ukaelewa alichotaka kusema, na wapo waliocheka.

Nilimuuliza bwana mifugo mmoja aliyepita huku. Hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba weupe wa kuku si wa namna moja. Kuku wa mfugaji wetu walikosa kitu kimoja cha kutia rangi, jogoo wa Bukoba alikosa kingine. Walipokutana kila mmoja akampa mtoto kile alichokosa mwenzake, rangi ikarudi. Akasema watoto hao wekundu wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, weupe utatokea tena kwa baadhi ya wajukuu. Nilikwenda mbio kumwambia mfugaji, maana alikuwa rafiki yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma. Na kweli, baadaye mkewe, kwa mkono wa wachukuzi wa kahawa, alimpelekea jogoo mweupe aliyezaliwa na wekundu wale. Akamrudisha. “Amemnunua gulioni anicheke,” alisema. Mitetea wake wakazeeka bila jogoo, wakafa, na yeye akabaki anafagia ua mtupu.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, maana marehemu hajibu. Lakini hakuwa peke yake katika kosa hilo. Katika vijiji vyetu mtoto akizaliwa maji ya kunde na wazazi wake ni weusi, wanawake wanakuja na uji na macho yanachungulia masikio ya mtoto kuona rangi yake ya kweli. Mama angali hawezi hata kukaa sawasawa, kesi yake imekwisha kukatwa. Wangapi wamerudishwa kwao kwa kosa la rangi ambayo hakuna kati yetu anayejua ilikotoka?

Kwenye maziko mama yule alikuja kutoka Rugu, kikapu mkononi. Aliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia wakitazama chini. Hakulia. Udongo uliposawazishwa alizunguka nyuma ya nyumba, akatoa kikapuni mtetea mweupe pe, akamfungua miguu na kumwachia ndani ya ua wa matete. Halafu akauvuta mlango, akaufunga, akatikisa kidogo kuona kama umeshika, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yake. Somo nililorudi nalo nyumbani ni chungu, wala halimfai tena aliyelihitaji: mtu wako akikwambia nilifunga, nawe hukuona vinginevyo, mwamini wakati bado yupo mlangoni.