Radhi Iliyosubiri Mkongo

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, usiongeze chako. Mimi sikusoma, lakini najua ninachotaka kisemwe.

Mwanangu wa kwanza aliugua figo huko Dar es Salaam. Miguu yangu haifiki tena hata ufukweni Katonga kununua dagaa, sembuse huko. Akaomba radhi. Katika nyumba yetu hapa Ujiji, radhi haitolewi kwa sauti peke yake: mzazi humtazama mwana usoni na kusema "nimekuwia radhi", naye mwana huitikia "nimeipokea". Isipoitikiwa, haijatimia. Ndiyo maana niliitaka simu ya picha, tuonane.

Mnara wa simu wa Gungu ulikuwa umefungwa mitambo mipya, na vijana wakajisifu kwamba sasa tutaonana na dunia nzima. Alama za mtandao zilijaa kwenye simu yako, lakini uso wa mwanangu uliganda, mdomo wazi. Nikakutuma umlete fundi wa mnara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mnara wenu mpya haunionyeshi mwanangu?"

"Kutoka kwenye simu mpaka mnarani njia ni pana, bibi. Kutoka mnarani kwenda mbele tunategemea dishi la zamani, na mji mzima unapita humo. Tunasubiri mkongo, ule waya wa ardhini. Mtaro umefika Mwandiga."

"Mwandiga nilikuwa nakwenda na kurudi kwa miguu, dumu la mawese kichwani."

Akacheka. "Basi tungekupa wewe uubebe huo mkongo."

"Ungekuwa umeshafika."

Hapo hakucheka. Alisema kibali cha kuvusha waya barabarani hakijatoka.

Nikasubiri. Mkwe wangu, aliyekuwa akimuuguza huko, alikuwa akipiga: "Mama, sema hivyo hivyo, anasikia." Nilikataa. Jambo la nyumba halifanywi nusu. Mvua ikanyesha, mtaro ukajaa maji, watoto wakaogelea humo.

Siku aliyozidiwa, picha ilikuja ikaganda. Nikauambia uso ule uliosimama: "Mwanangu, nimekuwia radhi, duniani na akhera." Nikangoja. Ukaniambia, "Bibi, simu imekatika." Hukujua ilikatika saa ngapi.

Baada ya maziko nilimpigia mkwe. Sauti ilikuwa safi.

"Alisikia?"

"Alisikia, mama."

"Aliitikia nini?"

Nikakuuliza kama simu imekatika. Ukaitazama, ukasema haijakatika.